Ngwe za Laxton

Mwishoni mwa Novemba, wakati matope ya Nottinghamshire yanapong'ang'ania buti, wazee wa baraza la kijiji cha Laxton, watu 12, hupanda tela la trekta na kwenda kukagua shamba. Shamba lenyewe ni uwanda mpana uliogawanywa ngwe kwa ngwe. Ngwe yangu inapakana na yako, yako inapakana na ya jirani wa tatu, na katikati hakuna ukuta, seng'enge wala ua wa miti. Wakifika wanashuka. Wanaufuata kila mpaka kwa macho toka ncha hadi ncha. Palipopotea alama wanachimba na kusimika kigingi kipya. Aliyelima akavuka mpaka, akaila njia au akayala majani ya wote, anaandikwa. Wiki inayofuata jina lake linasomwa mbele ya wenzake, na faini anatoa.

Karibu kila kijiji cha nyanda za kati za Uingereza kiliwahi kulima namna hii, na leo Laxton ndicho kijiji ambacho mfumo huo umebaki mzima: mashamba ya wazi, mahakama inayoyasimamia, na wakulima wanaoishi kwa kuyalima. Nilikuwa nimekaa Nottingham muda mrefu kabla ya kusikia habari zake. Wageni wanaofika mkoa huu hupelekwa msitu wa Sherwood kutafuta habari za Robin Hood. Laxton iko jirani tu na msitu huo, upande wa mashariki, lakini mabasi ya watalii huyaoni huko. Unalikuta kanisa la Mtakatifu Mikaeli, baa moja iitwayo Dovecote Inn, nyumba za matofali mekundu kandokando ya barabara, na ukitoka nje ya kijiji, udongo mzito mwekundu unaoshuka na kupanda hadi upeo wa macho.

Mimi ni mtu wa Taita, Kenya. Nasema hivyo mapema kwa sababu bila Taita nisingeielewa Laxton.

Mashamba makubwa ya Laxton ni matatu: West Field, South Field na Mill Field. Utaratibu wake ni wa duru. Mwaka huu shamba moja linapandwa ngano ya kipupwe, ile inayoingia ardhini kabla ya baridi. La pili linapandwa mazao ya masika yao, kama shayiri au maharagwe. La tatu linapumzishwa. Mwaka ujao duru inasogea hatua moja. Kila mkulima ana ngwe katika mashamba yote matatu, kwa hiyo kila mwaka kila mmoja ana ngano yake, ana mazao yake ya masika, na ana sehemu yake iliyolala. Hakuna anayeweza kuamka asubuhi akasema mwaka huu yeye atapanda kitu kingine kinyume na wenzake. Akifanya hivyo atavuruga duru ya kijiji kizima. Zamani, mavuno yakishaisha, mifugo ya wote iliachiwa kula mabua, na lile shamba lililopumzishwa lilikuwa malisho ya wote. Mbolea ikaanguka humo humo. Siku hizi shamba la tatu aghalabu hupandwa majani ya mifugo badala ya kuachwa tupu, lakini duru ni ile ile.

Swali ambalo kila afisa wa kilimo angeuliza ni hili: kwa nini mtu mmoja awe na vipande vilivyotawanyika hivyo? Anapoteza muda kutembea. Anageuza trekta mara nyingi mno. Si afadhali apewe mahali pamoja?

Nyanya yangu alikuwa na mashamba matatu. Moja lilikuwa juu, pale pale nyumbani karibu na Wundanyi, la maharagwe na mboga. La pili lilikuwa bondeni kando ya kijito, palipoota ndizi, miwa na majimbi. La tatu lilikuwa mbali, chini kabisa kuelekea Mwatate, kwenye joto, la mtama na kunde na baadaye mahindi. Kufika kule chini kulikuwa safari ya kutoka alfajiri. Nikiwa mtoto niliona hiyo ni adhabu. Lakini mvua ya Taita haina ahadi. Kuna mwaka inanyesha mlimani na kule chini vumbi linapaa. Kuna mwaka baridi na ukungu vinaozesha maharagwe ya juu huku kunde za chini zikistawi. Mwenye mashamba matatu hakosi pa kushika, na mwenye moja hana la kufanya ila kuomba.

Laxton hesabu ilikuwa ya jinsi hiyo, ila kwa udongo wa kwao. Kuna mteremko unaokauka upesi na kuna bonde linaloshika maji. Kuna ardhi iliyo jirani na kijiji na kuna iliyo mbali. Vipande vikitawanywa, kila nyumba inapata fungu lake la ardhi njema na fungu lake la ardhi mbaya, na mvua ya mawe ikipita upande mmoja hakuna anayefilisika peke yake. Hata umbo la ngwe lina maana. Ng'ombe wanne au wanane waliofungwa kwenye plau ni kazi kubwa kuwageuza, kwa hiyo mfereji ulivutwa mrefu kadiri mnyama anavyoweza kukokota kabla ya kupumzika, karibu mita 200. Upana ulikuwa kiasi kinachomalizika kwa kutwa moja. Mita 200 kwa 20, ndiyo ekari. Kipimo kile kile ambacho kwetu kimeandikwa kwenye kila hati ya shamba kilianzia kwenye pumzi za ng'ombe wa huku.

Nilipoutembea mtaa wa kijiji nilishangazwa na kitu ambacho mwanzoni sikukielewa. Nyumba za wakulima ziko zote barabarani, zimebanana, nyingi zikiwa zimeipa barabara ubavu, na ghala na mazizi yakiwa nyuma. Kwingineko Uingereza nyumba ya mkulima imesimama peke yake katikati ya mashamba yake, mbali na jirani. Hapa haikuwezekana. Ungejenga wapi, na ardhi yako iko pande zote za kijiji? Kwa hiyo wakulima wamebaki wakiishi mlango kwa mlango. Trekta hutokea uani, hupita mbele ya jirani, na jirani anajua mwenzake anaelekea shamba gani. Mzee mmoja niliyemkuta akifunga geti aliniambia kwa upole kwamba kijijini kwao ukilima vibaya watu wote wanaona. Nikamjibu kwamba kwetu pia, na akacheka kwa namna ambayo haikuwa ya adabu tu.

Kati ya ngwe kuna vibonde vya majani ambavyo wao huviita sykes. Ni mahali penye mteremko mkali au penye maji, plau haikuweza kupita, hivyo pakaachwa tangu zamani. Vibonde hivi ni mali ya jumuiya. Majani yake hupigwa mnada kila kiangazi, mnunuzi huyakata na kuyakausha. Kwa sababu havijawahi kulimwa wala kumwagiwa mbolea za viwandani, vina maua ya porini ambayo mashamba mengi ya Uingereza yamekwisha kuyapoteza, na kisheria vimehifadhiwa kama eneo lenye umuhimu wa kisayansi. Hayo yote yamepatikana bila mtu kukusudia kuhifadhi. Wanakijiji walijiwekea tu kanuni kwamba asiyepewa asiguse, wakawa na watu wa kuisimamia.

Ndiyo maana naiona ile mahakama kuwa urithi mkubwa kuliko udongo. Jina lake ni Court Leet. Hukaa Dovecote Inn, mara nyingi wiki moja baada ya ukaguzi. Kuna msimamizi ambaye ni mtu wa sheria, kuna tarishi, na kuna lile baraza la wazee 12 wenye mwenyekiti wao. Majina ya wanaowajibika kuhudhuria huitwa, ripoti ya ukaguzi husomwa, faini hutajwa. Kisha baraza jipya huapishwa kwa ajili ya shamba la mwaka unaofuata. Faini zenyewe ni hela ndogo, lakini jirani kulisikia jina lako likitajwa ni jambo jingine. Mahakama za namna hii zilikuwa mamia kwa mamia nchini. Mwaka 1977 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyoziondolea mamlaka ya kusikiliza kesi, zile zilizobaki zikawa za sherehe. Ya Laxton haikuguswa. Mpaka leo uamuzi wake una nguvu ya sheria.

Kuna pia ramani. Mwaka 1635 bwana mwenye ardhi, Sir William Courten, alimwajiri mpimaji Mark Pierce aichore Laxton yote, na kuandaa pamoja nayo daftari la kila kipande na nani anakishika. Ramani hiyo ipo kwenye maktaba ya Bodleian, Oxford. Nimeona nakala yake. Kila ngwe imechorwa, na katikati ya ngwe mchoraji ameweka watu wadogo wanaolima na kuvuna, wanyama, na wawindaji. Leo ukiishika ukasimama shambani unaweza kuifuata njia ile ile.

Lakini jina la Courten nililifuatilia, na nilichokipata hakikuniacha hivi hivi. Alikuwa mfanyabiashara mkubwa wa London. Ni yeye aliyegharimia meli iliyopeleka walowezi wa kwanza wa Kiingereza kisiwani Barbados mwaka 1627, na pamoja na walowezi hao walikuwamo Waafrika waliotekwa. Mwaka ule ule wa 1635, Pierce alipokuwa akipima ngwe za Laxton, Courten na washirika wake walipata kibali cha Mfalme Charles wa kwanza cha kufanya biashara Bahari ya Hindi. Alifariki mwaka uliofuata, lakini kampuni iliendelea, na katikati ya miaka ya 1640 ilijaribu kuweka makazi ya walowezi kwenye ghuba ya Mtakatifu Augustino, Madagaska. Makazi yakafa kwa njaa na maradhi. Kijiji kidogo cha ngano na kondoo, ambacho mtu angedhani hakijui habari za dunia, kilikuwa mali ya mtu mwenye meli zinazopita mbele ya pwani yetu. Mabango ya kijiji yanaitaja ramani kwa fahari, na inastahili fahari. Ningependa na hili litajwe.

Sasa tuje kwenye ua.

Kati ya mwaka 1604 na 1914 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za kuyagawa mashamba ya wazi na malisho ya wote, kila mtu akapewa kipande kimoja na kukizungushia ua. Eneo lote lililoguswa ni ekari milioni 6.8 hivi, zaidi kidogo ya sehemu moja ya tano ya Uingereza. Ule uzuri wa mashambani unaouona ukipita kwa treni, viwanja vya kijani vyenye ua wa miti pande zote nne, sehemu kubwa ni kazi ya sheria hizo. Wenye ardhi nyingi walifaidika. Mwenye ng'ombe mmoja aliyekuwa akichunga kwenye malisho ya wote alipewa kipande kidogo kisichotosha, au hakupewa kitu, na gharama za kuzungushia ua zikawa juu yake. Wengi waliuza, wakaenda mijini kuwa vibarua wa viwandani.

Laxton iliponea chupuchupu. Haikuponywa na upendo wa mila. Wenye ardhi wakubwa walikuwa wawili, Earl Manvers na Earl wa Scarbrough, na hawakuweza kuafikiana jinsi ya kubadilishana vipande. Mabishano yakapita kizazi baada ya kizazi. Bei ya nafaka ilipoanguka miaka ya 1870 na kuendelea, kuzungushia ua kukawa gharama isiyolipa. Mwanzoni mwa karne ya 20 nyumba ya Manvers iliunganisha ngwe nyingi ndogo ziwe chache kubwa, kwa hiyo anayetafuta Laxton ya 1635 bila mabadiliko hataipata. Duru ilibaki. Mahakama ilibaki.

Mwaka 1952 Earl Manvers aliuza. Mnunuzi alikuwa Wizara ya Kilimo ya Uingereza, na ilinunua kwa kusudi la kuuhifadhi mfumo wa mashamba ya wazi. Niliposoma tarehe hiyo niliisoma tena.

Oktoba 1952 ndipo serikali hiyo hiyo ilipotangaza hali ya hatari Kenya. Miaka miwili baadaye, mwaka 1954, Roger Swynnerton wa idara ya kilimo ya koloni alitoa mpango uliobeba jina lake. Moyo wa mpango ule ulikuwa kuvifuta vipande vilivyotawanyika. Mkulima wa Kikuyu mwenye vijishamba vitano au sita kwenye migongo tofauti ya milima alionekana kuwa ugonjwa wa kutibiwa. Vipande viunganishwe, mpaka upimwe, hati itolewe. Mpango uliandika bila kificho kwamba Mwafrika mwenye uwezo na mali atapata ardhi zaidi na maskini atapungukiwa, na kwamba kutokea kwa tabaka la wenye ardhi na tabaka la wasio na ardhi ni hatua ya kawaida ya maendeleo ya nchi. Kazi hiyo ilifanywa Kiambu, Nyeri na Murang'a wakati maelfu ya wanaume wako vizuizini na familia zao zimehamishiwa kwa nguvu kwenye vijiji vya dharura vyenye handaki na miiba. Aliyekuwa kizuizini hakuwapo kuonyesha mpaka wake.

Serikali moja, kipindi kimoja. Huku ilitoa pesa kukilinda kijiji ambacho wakulima wake wana ngwe zilizotawanyika, ikasema huu ni urithi wa taifa. Kule ilitumia askari na wapimaji kuvunja mashamba yaliyotawanyika, ikasema huu ni ujinga wa wenyeji. Najua kuna tofauti. Laxton ilikuwa kijiji kimoja na Kenya ya kati ilikuwa watu wengi waliobanwa kwenye maeneo ya akiba baada ya ardhi nzuri kuchukuliwa na walowezi. Najua pia wapo wakulima walioinuka kwa kahawa na ng'ombe wa maziwa baada ya kupata hati. Lakini haki ya kusema "huu ni utaratibu wetu, una akili yake, uacheni" ilitolewa upande mmoja tu, na hilo linaniuma.

Taita wapimaji walikuja baadaye, baada ya Uhuru, na hawakuja na bunduki. Walikuja na fikra zile zile. Watu walihimizwa kubadilishana ili kila mmoja abaki na mahali pamoja. Nyanya alilitoa shamba la chini akaongezewa kando ya nyumba. Mama anasimulia kwamba miaka ya ukungu mwingi, maharagwe yakioza, nyanya alikuwa akisimama uani akitazama kule chini kuelekea Mwatate asiseme neno. Wazee waliokuwa wakijua mgongo gani ni wa ukoo gani, mfereji upi unafunguliwa siku gani na kwa zamu ya nani, walikosa kazi. Hakuna aliyewaitia mkutano mwishoni mwa Novemba.

Laxton nayo haina usalama wa milele. Mwaka 1981 wizara iliikabidhi kwa Crown Estate, shirika linaloshika mali za ufalme, na mwaka 2020 Crown Estate ikaiuza kwa Thoresby, shamba kubwa la ukoo ule ule wa Manvers waliouza mwaka 1952. Mnunuzi aliahidi kuuendeleza mfumo. Wakulima wamepungua sana kuliko zamani, mashine zimekuwa pana kuliko ngwe zinavyopenda, na kijana anayetaka kupanga shamba huko lazima akubali kwamba majirani watakuwa na sauti katika alichopanda. Kwa pesa, kwingine kuna faida kubwa zaidi. Waliobaki wamebaki kwa kutaka. Niliingia kanisani kabla ya kuondoka, ambamo kuna sanamu ya mbao ya mwanamke wa ukoo wa Everingham, kazi ya karne ya 14. Ni nzuri, nami niliitazama kwa heshima. Lakini nilitoka upesi kwa sababu nje trekta lilikuwa linapita na tela lake, na nilitaka kuona linaelekea shamba gani kati ya yale matatu.

Tangu hapo nimeanza kuchora ramani ya kwetu. Mama ananitajia majina kwa simu jioni, nami naandika: jina la mteremko, nani alilima, alipanda nini, mfereji gani uliunywesha, nani alikuwa mwamuzi wa mpaka walipogombana. Ndugu za mama wa Mgange wananirekebisha. Sehemu ya kuelekea Mwatate bado ina mapengo mengi, na wazee wanaoijua ni wachache. Kama wewe unatoka huko, au una bibi au babu anayekumbuka mashamba ya chini kabla ya kupimwa, nitashukuru sana ukimwuliza wiki hii. Anza na mito, kwa sababu nimegundua wazee wakianza na mito mipaka yote inawarudia yenyewe.